Jeneza Halikufunguliwa

Mimi nakataa.
Kaeni mlie, mimi nakataa.
Sehemu tisini na nne nimemfuata Selvi,
nimemvusha mama mkwe, nimemvusha sumu kwenye chai,
nimevumilia ile mvua yao isiyokatika
(mvua ambayo hapa Hombolo ingekuza mtama wa miaka mitatu)
halafu mniambie amekufa kwa gari,
Jumanne, saa mbili na nusu,
kabla hata ya tangazo la sabuni?

Jeneza halikufunguliwa. Nilitazama.
Nimeosha maiti saba za wanawake kijijini hapa,
najua mtu anavyolemea mabega ya watu.
Wale vijana wanne walitembea kama wamebeba godoro.
Perisi, si uliona?
Perisi anafuta kamasi kwa pindo la kitenge,
hajaona kitu.

Na yule Mualla, nyoka mwenye lulu masikioni,
kaja makaburini na miwani myeusi.
Mwenye kilio havai miwani.
Mwenye kilio hata viatu anasahau.

Juu ya bati Yeremia kashika dishi,
maana upepo wa Agosti hauna habari na tamthilia.
“Hapo?”
“Rudisha!”
“Hapo?”
“Umepitiliza, rudisha!”
Ndivyo tulivyoikosa talaka ya daktari,
ndivyo tulivyopewa mtoto bila kuiona mimba.
Hadithi yetu ina matundu.
Tunayaziba wenyewe asubuhi, shambani, tukikata zabibu,
kila mmoja na kiraka chake, mkasi mkononi,
msimamizi akidhani tunasengenya watu wa kweli.

Kuna jambo sijamwambia mtu.
Anayemsemea Ridvan kwa Kiswahili
ndiye anayemsemea hakimu, na mlinzi wa geti pia.
Sauti moja, wanaume watatu.
Midomo yao imeshafunga, yeye bado anaongea.
Basi mimi nafumba macho,
namsikiliza yeye, huyo wa Dar es Salaam au wa wapi,
anavyolivuta neno “mpenzi”
kama mtu anayevuta ndoo kisimani,
taratibu, isimwagike.

Hezroni alikuwa na koo kama hilo.

Alidandia lori la vitunguu, akaenda Mererani,
mwaka ule mtama ulipokauka ukiwa magotini,
shati la bluu, kifungo cha tatu nimekishona mimi kwa uzi mweusi.
Mwaka wa nne ndugu zake wakaweka matanga.
Nilikunja mkeka wangu, nikawauliza:
matanga ya nani? Nani kaona mwili?
Wakasema runinga imemharibu kichwa.
Wakati huo sikuwa nimewahi hata kukaa mbele ya runinga.

Sasa leo, sehemu ya mia moja na moja,
nyumba nzima imesimama, benchi limeanguka,
Perisi ananipiga mgongoni: “Ulisema! Ulisema, mama!”
Selvi huyo hapo.
Mji mwingine, duka la mikate, unga mpaka kwenye nyusi.
Kumbukumbu zimemtoka zote, hajui hata jina lake.
Mtu anapita, anamtania,
naye anacheka.

Anacheka hasa, mpaka jino la mwisho.

Mimi niliyemtetea miezi miwili,
niliyegombana na mchungaji kwa ajili yake,
sikuwahi kulifikiria hili:
kwamba mtu anaweza asife,
akawa mahali tu,
mikono kwenye unga, jua likimwangaza,
wala hapungukiwi kitu.

Upepo.
Skrini inajaa chembe nyeupe kama pumba za mtama.
Wote wanapiga kelele kuelekea darini.
“Hapo?” anauliza Yeremia. “Mama, hapo?
Nirudishe?”

Mimi ndiye huwa namjibu.
Wananigeukia.
“Hapo?”